Wiki Tatu za Chumvi

Samaki alikuwa akiogelea upandeupande ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayetembea huku amejishika ubavu. Niliuinua mfuko kwenye mwanga wa mlango. Alikuwa samaki malaika, mweupe mwenye mistari myeusi, na mapezi yake marefu yalikuwa yamekunjamana kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba siku ya mvua. Tumbo lilikuwa limeingia ndani. Karibu na mkia, mgongo ulikuwa umeanza kupinda.

"Anakula?" niliuliza.

"Anakifuata chakula kama wenzake. Akikifikia anakitia mdomoni, halafu anakitema."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya baridi kuanza."

Hapo ndipo nilipomtazama mwenyewe. Baba alinifundisha hivyo: tazama samaki kwanza, kisha maji, na mwenye samaki mwishoni kabisa, kwa sababu mwenye samaki husema uongo bila kujua. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye ncha za kola. Mkono wake wa kulia ulifunikwa kwa kitambaa cha kijivu, kilichoshonwa kwa ustadi kama soksi isiyo na vidole. Aliuweka nyuma ya mgongo mara tu alipoona macho yangu yamefika huko.

Nilimpa chumvi ya mawe na majani makavu ya mkungu ya kutia kwenye maji. Nilimwambia amtenge yule mgonjwa na amrudishe kwangu baada ya siku mbili. Siku hiyo sikuwa na kosa. Samaki anaweza kukonda kwa minyoo, kwa maji machafu, kwa uonevu wa wenzake tangini, na mtu huanza na dawa nyepesi. Kosa langu lilianza siku mbili baadaye.

Miaka thelathini imepita. Bado nipo Malang, mji wetu wa milimani huko Java, bado nauza dawa za samaki kwenye kibanda kilekile cha baba, katika soko linaloteremka ngazi kwa ngazi kuelekea mto Brantas. Watu huniita Mbak Ning, yaani dada Ning, hata wale ninaoweza kuwazaa, na huja na mifuko yao ya plastiki kama akina mama wanavyokuja kliniki na watoto mgongoni. Huyu ana vidoa vyeupe kama amenyunyiziwa chumvi: mpashie maji moto kidogo kidogo. Huyu mapezi yameliwa kama karatasi iliyotafunwa na panya: badilisha maji, mtie dawa ya buluu. Huyu amevimba hadi magamba yamesimama kama nanasi: huyo, ndugu yangu, usimtese. Naijua kazi yangu. Sijawahi kuwa na shaka na macho yangu, na ndiyo maana kisa hiki hakina pa kujifichia.

Mwaka ule nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mume wangu alikuwa amekwenda Kalimantan kukata mbao. Aliandika barua mbili, kisha msitu ukammeza pamoja na anwani yake. Watu walipouliza nilisema, "Yuko njiani." Niliishi chumba cha nyuma ya kibanda, nikisikiliza pampu za hewa zikitoa mapovu mchana kutwa. Mapovu ni sauti ya ajabu. Ukiwa na watu huisikii, lakini ukiwa peke yako inakuwa kama mtu anayetaka kusema jambo na kila mara anaghairi.

Yule mzee alirudi siku niliyomwambia, asubuhi, wakati Malang ya mwezi wa saba ina baridi ya kutoa moshi mdomoni. Jina lake alisema ni Wignyo, nami nikamwita Pak, kama tunavyowaita wazee; alikuwa fundi wa kushona, na alikaa mtaa wa nyuma ya stesheni. Samaki alikuwa vilevile. Nilimimina tangawizi ya moto kwenye vikombe viwili, nikamsogezea kimoja pamoja na kipande cha tempe, ile soya iliyochachuliwa, ya kukaanga. Hakukigusa. Alikitazama kile kikombe kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Hiki unakitumia mwenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo, Pak. Kwani kina ufa?"

"Hakina." Alivuta pumzi. "Mbak, ngoja nikuonyeshe kitu. Ukishaona, kama utataka kukichukua kikombe chako, nitakuelewa."

Akafungua kile kitambaa. Kwenye kiungo cha kidole cha kati palikuwa na kidonda cha rangi ya zambarau, kikavu juu na chenye unyevu pembeni. Juu yake, kwenye mgongo wa kiganja, uvimbe mdogo. Kisha mwingine kwenye kifundo. Vilifuatana kwenye mstari kama vifungo vya shati.

"Miezi mitano sasa," alisema. "Nimepewa mafuta ya kupaka, nimepewa unga, nimepewa maji ya dua. Jirani yangu mmoja akasema neno lile. Mara moja tu alisema, lakini si unawajua watu wa mtaani? Sasa wateja wangu wana sababu. Huyu amenenepa, hashoni mwaka huu. Yule harusi imeahirishwa. Binti yangu yuko Semarang, mumewe amemkataza kumleta mjukuu. Chai nikipewa, napewa kwenye gilasi ya plastiki, na nikigeuka nasikia ikitupwa."

Neno lile lilikuwa ukoma. Hakulitamka, na mimi sikulitamka.

"Ukijichoma sindano hapo," niliuliza, "inauma?"

"Inauma! Usiku kucha inapwita. Kwa nini?"

Niliangalia mkono wake, nikaangalia samaki, na ndani yangu kitu kilitulia, jinsi kinavyotulia jibu likipatikana. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mzee mmoja aliyeuza samaki wa dhahabu kibanda cha tatu kutoka kwetu alipata mkono kama huu. Baba aliutazama, akatazama matangi yake, akasema: "Huu ni ugonjwa wa samaki uliopanda juu." Magonjwa mengi ya samaki hayamwezi mtu. Huu mmoja hupita kwenye mkwaruzo. Unasugua kioo, unajikata kidogo, maji yanaingia, na miezi inapita kabla hujajua. Hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Unataka vidonge vya hospitali kwa muda mrefu, na unataka haraka, kabla haujafika kwenye kano za vidole. Na matangi yote lazima yamwagwe, na samaki wote wafe, wazima kwa wagonjwa.

Yote haya nilikuwa nayo kichwani wakati Pak Wignyo akinisubiri nijibu.

"Nauliza tu," nilisema. "Kunywa, itapoa."

Akakinywa kile kikombe kama mtu anayekunywa dawa ya thamani, kwa mikono miwili. Kisha akacheka, peke yake, bila sababu. Nilimfungia chumvi nyingine.

Mara nyingi nimejitafutia udhuru. Kwamba sikuwa na hakika. Kwamba mimi si daktari. Kwamba nilitaka kwanza kumwona samaki aliyekufa. Zote ni nguo za kuazima, hazinikai. Ukweli ni kwamba nilimwona akinywa, nikawaza: nikisema, samaki wake watakufa, na mtu asiye na samaki ana haja gani na kibanda changu? Basi. Wazo lenyewe halikuwa kubwa kuliko hivyo.

Alianza kuja kila asubuhi. Alileta habari za samaki wake kumi na mmoja kana kwamba ni familia: mkubwa amemfukuza mdogo, wa tatu amejificha nyuma ya pampu. Aliona aproni yangu imechanika akaichukua kwenda kuishona. Aliporudisha, nilitafuta palipochanika nikapakosa. Alishona upya koti la baba. Alinishonea pazia la chumba. Siku moja, akinionyesha jinsi ya kupinda pindo, alisema, "Hapana, nduk, vuta uzi kwako," na neno lile, ambalo wazee wa kwetu humwita binti yao, lilinikaa masikioni hadi jioni. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu baba azikwe.

Bu Tumirah, mama aliyeuza minyoo ya kulishia samaki kibanda cha jirani, hakuniacha salama.

"Mchumba wako amechelewa leo."

"Ana umri wa baba yangu, Bu."

"Na hamna anayesema wazee hawapendi! Lakini angalia, Ning. Ule mkono mimi siupendi. Unajua watu wanasema nini? Vikombe vyako vichemshe."

"Si ugonjwa huo wanaousema."

"Wewe umejuaje?"

Nilishika mizani, nikaanza kupima chumvi. Bu Tumirah alinitazama kwa jicho moja, akarudi kukoroga minyoo yake. Wazee wana msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wanamsema mgonjwa. Sijui wangesema nini juu ya mtu anayeficha maradhi ya mwenzake.

Kila siku niliona ule mstari wa vifungo ukipanda. Ulivuka kifundo, ukashika njia ya kiwiko. Kila siku nilijiambia: kesho. Na kila siku nilimpimia chumvi.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu alikuja na mfuko, na samaki aliyekuwa ndani alikuwa amekufa. Alikuwa yule mkubwa. Pak Wignyo aliketi bila kusalimu. Pazia langu, ambalo alikuwa amebakiza kulishonea ukingo, alikuwa amelikunja chini ya kwapa.

"Nimeshindwa," alisema.

"Na samaki?"

"Na sindano." Akanyoosha mkono. "Tazama. Nakiambia kidole kikunjike, hakikunjiki."

Kidole cha kati kilisimama kimenyooka, kimevimba, kinang'aa. Vingine vilijikunja kukizunguka. Alikuwa akijaribu mbele yangu, akiuma meno, jasho likimtoka kwenye baridi ile, na kidole kikasimama vilevile kama kijiti kilichochomekwa na mtu mwingine.

Nilichukua wembe na kibao. Nilimpasua yule samaki palepale juu ya kaunta, nikamfungua tumbo. Ini lilikuwa limejaa vipele vyeupe vidogo kama chenga za mchele. Wengu vilevile. Sikushangaa, na nilimwomba Mungu mzee asione kwamba sikushangaa.

"Pak," nilisema, "mkono wako si ukoma. Ni hiki hapa. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Hiki? Samaki?"

"Simama, Pak. Tafadhali."

Nilimtia samaki kwenye chupa yenye spiriti, nikafunga kibanda, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mchana tangu siku ya mazishi ya baba. Hospitalini karani alitutazama, akaitazama na chupa.

"Mama, huku ni hospitali ya watu."

"Najua. Nimemleta mtu. Samaki ni shahidi."

Watu kwenye benchi wakacheka, na Pak Wignyo akauficha mkono nyuma ya mgongo. Tulisubiri hadi adhuhuri. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye uchovu wa kukesha. Nilianza kueleza, akainua mkono kunizuia. Kisha akauona ule mstari wa uvimbe, akashusha mkono. "Endelea," alisema. Nilimweleza yote, mkwaruzo, maji, mzee wa samaki wa dhahabu. Aliigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha, muda mrefu, kama mimi ninavyofanya. Kisha akamgusa Pak Wignyo kidonda kwa ncha ya pamba, na mzee akaruka.

"Mwenye ukoma angekaa kimya," daktari alisema. "Sitakuahidi kabla ya kupima, mzee. Lakini huyu dada anajua anachokisema." Akakishika kile kidole, akajaribu kukikunja taratibu. "Mngekuja mapema kidogo. Hata wiki mbili, tatu. Kidole hiki sijui."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya vigae vya kijani, na kimoja kilikuwa kimewekwa kinyume.

Pak Wignyo aliniomba nimsaidie kuwaondoa samaki waliobaki. Nyumba yake ilikuwa safi kama ukumbi unaosubiri wageni. Cherehani imefunikwa. Matangi matatu yalikuwa kwenye ukuta wa magharibi, na ndani yake malaika kumi, wengine wakiwa wazima kabisa machoni, wakaja mbele ya kioo walipomwona. Nilikuwa nimeleta mafuta ya karafuu. Ukiyatikisa kwenye maji ya vuguvugu na kuyatia kidogo kidogo, samaki hulala kwanza, ukiongeza, haamki. Nilimwambia anaweza kungoja nje.

"Walinitazama nikila kwa miaka tisa," alisema. "Nami nitawatazama."

Alishika ndoo kwa mkono wa kushoto. Tuliwatoa mmoja mmoja. Nyumba nzima ilinukia karafuu, harufu ya pilau ya sikukuu. Tulipomaliza tuliwazika chini ya mpera, nikaosha matangi kwa dawa ya kupaushia nguo, nikayaanika juani midomo chini. Ule ukuta wa magharibi ulibaki na alama tatu za rangi iliyofifia. Na kwa mara ya kwanza nyumba ile haikuwa na mapovu. Nilimwona akisikiliza.

Majibu yalithibitisha. Alimeza vidonge miezi minane. Nilimpelekea uji mwanzoni, tumbo lilipokuwa likimkataa; baadaye alipata nguvu akaanza kuja mwenyewe kibandani, mara moja kwa wiki, halafu mara chache zaidi, kwa kuwa watu walikuwa wamerudi. Habari ya kwamba si ukoma ilizunguka mtaa haraka kuliko uvumi wenyewe. Yule jirani wa neno lile alimletea kuku mzima. Wanawake walileta vitambaa vya kebaya, blauzi zetu za sherehe, na alishona mishono rahisi kwa cherehani, na ile ya mkono akiwaelekeza waishone wenyewe. Uvimbe ulinywea ukaacha makovu ya rangi ya waridi. Kidole hakikurudi. Matundu ya vifungo, ambayo yalimpa jina Malang nzima, hakuyashona tena.

Kila alikokwenda alinisifu. "Huyu ndiye aliyeniponya," aliwaambia watu wa sokoni, akinishika bega. "Madaktari wameshindwa, yeye kaona kwa samaki!" Bu Tumirah alipiga makofi. Mimi nilitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa zito kulibeba kuliko ndoo ya maji.

Kisha binti yake akaja kumchukua. Dwiasih, mwanamke mnene mwenye haya, na mtoto mgongoni. Alilia mbele yangu akanibusu mkono, nami nikauvuta kama aliyeguswa na moto. Mumewe alikuwa ameomba radhi. Semarang kulikuwa na chumba kinamsubiri mzee. Treni ilikuwa saa nane mchana. Pak Wignyo alimwambia binti yake atangulie stesheni, akaketi kibandani mahali pake pa siku zote. Nilimimina tangawizi.

Angeondoka na mimi ningebaki aliyemponya. Hakuna aliyeniuliza kitu. Lakini alikishika kikombe, na kile kidole kilisimama kando, kimenyooka, kama kinanielekeza mimi.

"Pak, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ugonjwa. Ile siku ulipofungua kitambaa. Nilijua kila kitu, wiki tatu kabla ya hospitali. Nikakupa chumvi."

Hakuelewa mara moja. Niliona uso wake ukihesabu, ukirudi nyuma asubuhi kwa asubuhi, pazia, koti, aproni. Akafika.

"Kwa nini?"

"Samaki wangekufa. Ungeacha kuja."

Akakiweka kikombe chini. Alikitazama kidole muda mrefu, kama fundi anavyotazama kitambaa alichokikata vibaya. Nilimsubiri anitukane. Baba angenitukana.

"Ningekuja," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungeniambia siku ile, ningekuja kila siku. Mtu aliyenipa kikombe chake! Ulidhani nakuja kwa ajili ya samaki?"

Akasimama, akachukua mfuko wake kwa mkono wa kushoto, akashuka kibandani. Hakugeuka. Bu Tumirah alimpigia kelele ya kwaheri, naye akampungia. Tangawizi yake ilikuwa imebaki nusu.

Sikupata barua. Nilijua sitapata. Niliosha matangi, nilipima chumvi, niliwatazama samaki wa watu. Jioni ya siku ya nne nilisikia ninajibu mapovu, kwa sauti, na nikanyamaza kwa aibu ingawa hapakuwa na mtu.

Mwezi wa mfungo ulipokwisha, kadi za Idi zikaanza kuingia sokoni. Kwetu kila mtu humtumia kila mtu, hata adui, hata anayemdai, na maneno huwa yaleyale yaliyopigwa chapa kiwandani: tusameheane, ya dhahiri na ya moyoni. Kati ya kadi za wauzaji wa dawa palikuwa na moja yenye muhuri wa Semarang. Ndani yalikuwa maneno yale ya chapa, na chini yake jina lake tu, Wignyo, kwa herufi zilizoyumba za mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Hakuongeza neno. Niliigeuza nyuma, nikapekua hata bahasha.

Sijui aliituma kwa desturi au kwa maana. Nilikwenda duka la vitabu, nikazitazama kadi zote zilizopangwa pale, nikatoka bila kununua. Nilichukua karatasi nyeupe, nikaketi kwenye kaunta, na yale maneno ambayo watu wengine hulipia yaandikwe na mashine niliyaandika mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi mwisho.